Vipoza vya Prosesa na Joto la Kisangani

Kompyuta za mezani za mwanzo hazikuhitaji kipoza. Prosesa ya Intel 8088, iliyotiwa ndani ya IBM PC mwaka 1981, ilifanya kazi bila hata kipande cha alumini juu yake. Pentium ya 1993 ilitoa joto la takriban wati 15, na feni ndogo ikawa jambo la kawaida. Baadhi ya Pentium 4 za 2004 zilivuka wati 100. Katika miaka hiyo lilienea bomba la joto la shaba, teknolojia ambayo mwanasayansi George Grover aliishughulikia katika maabara ya Los Alamos, Marekani, mwaka 1963: maji kidogo yaliyofungiwa ndani huchemka upande wa prosesa, mvuke hupoa penye mapezi ya kipoza, kisha maji hurudi yalikotoka.

Uwezo wa kipoza hutegemea pia joto la mahali kinapotumika. Mji wa Kisangani, nchini Kongo (DRC), uko karibu kabisa na ikweta, na mchana hewa yake hufika nyuzi 30 mara kwa mara. Kipoza cha hewa hakiwezi kushusha joto chini ya lile la chumba. Kwa hiyo kipimo cha joto la prosesa kilichopatikana katika chumba cha nyuzi 20 huongezeka huko kwa takriban nyuzi 10. Vipoza viwili vinavyofanana, vyenye feni ya milimita 120 na mabomba manne, aghalabu huachana kwa nyuzi chache tu. La maana zaidi wakati wa kuchagua ni kimo cha kipoza ndani ya kasha, vishikio vinavyokubaliana na ubao mama, na feni ya kipimo cha kawaida, inayobadilishwa kwa urahisi ikichakaa.