Posta tatu za Unguja

Kwa takriban mwaka mmoja, kuanzia Agosti 1890 hadi Julai 1891, mfanyabiashara wa Mji Mkongwe aliyetaka kupeleka barua ng'ambo aliweza kuchagua kati ya posta tatu. Ya India ilikuwapo mfululizo tangu 1875, Wafaransa walifungua yao mwaka 1889, na Wajerumani wakaja wa mwisho. Hakuna hata moja iliyokuwa ya Sultani. Serikali ya Zanzibar ilipata posta yake Novemba 1895, ikaanza kwa stempu za India zilizopigwa chapa ya jina la Zanzibar juu yake, nyingine kwa haraka hata zikasomeka “Zanzidar”. Kwa kawaida posta hizi hutajwa na wakusanyaji wa stempu au na wanahistoria wa ukoloni. Mimi nazitazama kwa jicho la mteja aliyezitumia zaidi, yaani mwenye duka na ghala. Kwake ushindani ule ulikuwa na faida kubwa, lakini haikuwa faida ya bei, na wala haikufika kila mahali palipokuwa na biashara.

Ili kuielewa faida hiyo, turudi nyuma kidogo. Kabla ya meli za moshi, barua ilifuata upepo. Iliyoondoka Unguja kwa kusi kuelekea Bombay ilingoja kaskazi ndipo jibu lirudi, na biashara nzima ikapangwa kwa msimu. Kampuni za Wamarekani wa Salem na za Wajerumani wa Hamburg, kama O'Swald na Hansing, ziliwapa manahodha wa meli zao barua zao wenyewe. Maana yake ni kwamba habari za bei zilikuwa mali ya mwenye meli. Aliyekuwa na chombo alijua mapema bei ya pembe au ya merikani. Mfanyabiashara mdogo alizipata baadaye, soko likiwa limekwisha kugeuka. Mwaka 1872 kampuni ya British India ilipoanza safari za kila mwezi kati ya Aden na Unguja kwa mkataba wa kubeba barua za serikali, ukuta huo ulipasuka. Posta ya India ilipokuja, mtu yeyote mwenye uwezo wa kununua stempu aliweza kupeleka barua kwa meli ileile iliyobeba barua za balozi wa Uingereza.

Wapo watakaosema kwamba simu ya waya, iliyofika Unguja kutoka Aden mwaka 1879, iliondoa haja ya kushindana kwa barua. Kwa habari za bei, ni kweli kwa kiasi. Ila waya haukubeba hati ya shehena, ankara, hundi wala sampuli ya karafuu. Mnunuzi wa Bombay au Marseille hakuweza kuitoa mizigo bandarini bila hati mkononi, na hati ikichelewa nyuma ya mzigo, mzigo hulala ghalani na gharama hupanda. Kwa hiyo kilichomsumbua mfanyabiashara ni tarehe: meli inayofuata inaondoka lini, na inapita wapi? Hapo ndipo posta ya pili na ya tatu zilipokuwa na thamani. Kila moja ilifungamana na njia yake ya meli: ya Ufaransa na kampuni ya Messageries Maritimes, ya Ujerumani na njia mpya ya Hamburg. Aliyekosa meli ya Waingereza hakulazimika tena kungoja mwezi mzima.

Bei yenyewe ilikuwa karibu ile ile. Stempu ya Kifaransa ya santimu 25 iliyouzwa Unguja katika miaka ya 1890 ilipigwa chapa ya anna 2½, na hiyo ndiyo tozo ya barua ya posta ya India kwenda Ulaya wakati huo. Haikuwa bahati. India, Ufaransa na Ujerumani zote zilikuwa ndani ya Umoja wa Posta Duniani, ulioasisiwa Berne mwaka 1874, na Umoja ndio ulioweka kiwango hicho. Ndio pia uliohakikisha kwamba barua iliyotiwa katika sanduku la Wafaransa, ikielekea nchi isiyo yao, inapokelewa na posta ya huko na kufikishwa bila mpokeaji kudaiwa tena. Washindani walikuwa watatu, lakini mtandao ulikuwa mmoja. Kwangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika habari hii, na ndilo linalosahaulika upesi.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni kwamba huu haukuwa ushindani wa kweli bali mashindano ya madola, yaliyolipiwa na walipa kodi wa Ulaya. Njia ya Hamburg ililipwa na serikali yake ruzuku ya marki 900,000 kwa mwaka. Na madola yalipopatana, kaunta zilifungwa bila mteja kuulizwa: ya Wajerumani mwaka 1891, mwaka mmoja tu baada ya Mkataba wa Heligoland kati ya Uingereza na Ujerumani, na ya Wafaransa Julai 1904, mwaka ambao Uingereza na Ufaransa zilimaliza ugomvi wao. Nakubali yote hayo. Lakini mwenye ghala hakuuliza bendera. Aliuliza siku ya meli, na kwake hiari ile ilikuwa halisi kwa muda wote ilipokuwapo. Tena kaunta zilipofungwa, meli za Wajerumani na za Wafaransa hazikuacha kutia nanga. Sehemu kubwa ya faida ilibaki, kwa sababu ilitokana na wingi wa safari kuliko wingi wa madirisha ya kuuzia stempu.

Udhaifu wa kweli uko bara. Bidhaa nyingi zilizoipa Unguja utajiri zilitoka Tabora, Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na wafanyabiashara wa huko, Waarabu, Waswahili na Wanyamwezi, walikuwa na mikopo na madeni mjini. Barua zao zilikwenda na misafara ya wapagazi, mwendo wa miezi. Katika posta tatu za mjini hakuna iliyoshindana na mwenzake kuwafikia. Posta ilipowafikia wale wa Tabora na Ujiji, ilipelekwa na serikali ya kikoloni ya Wajerumani, kwa matarishi waliotembea kwa miguu, pasipo mshindani yeyote. Ushindani ulikwenda palipokuwa na barua nyingi na bandari nzuri. Kwingine kote mteja alihitaji mtu anayelazimika kumfikia.

Mpangilio huo haujabadilika sana. Tangu Shirika la Posta Tanzania litenganishwe na huduma za simu mwaka 1994, mfanyabiashara wa Kariakoo amepata washindani kwa wingi: kampuni za kimataifa, kampuni za vifurushi za ndani, na hasa mabasi, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) huyataka yawe na leseni ya kusafirisha vifurushi. Kati ya Dar es Salaam na Mwanza au Mbeya anapata kile alichokipata mwenzake wa Unguja, yaani gari la kuondoka usiku huu endapo amelikosa la asubuhi. Asichonacho ni ule mtandao mmoja. Kifurushi kilichopokelewa na basi hakikabidhiwi posta ili kimalizie safari kwenda kijijini Namtumbo, huishia stendi. Mpokeaji hupigiwa simu, humpa dereva wa bodaboda jina lake na namba ya gari, na hulipa nauli ya pili ambayo aliyetuma hakuiweka katika bei ya mali yake.