Nani Aimbe Zaburi ya Daudi? Neno na Wimbo katika Ibada za Bungoma na Kitale

Agosti 1902, Wamarekani watatu walipiga hema Kaimosi, kwenye msitu ulio karibu na mto Goli Goli: Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole. Walikuwa Marafiki, watu ambao ulimwengu umezoea kuwaita Waquaker. Kutoka hapo kanisa lao lilipanda kaskazini hadi nchi ya Wabukusu, likafika Lugulu na Kimilili, na baadaye likawafuata waumini wake kwenye mashamba ya Trans Nzoia yanayouzunguka mji wa Kitale. Leo ukimwuliza mkazi wa Bungoma Marafiki wanajulikana kwa nini, atakutajia shule zao, kisha kwaya zao. Mkutano wa Mwaka, yaani kusanyiko kuu la Marafiki, usio na kwaya hajawahi kuuona.

Hata hivyo, mababu wa imani hiyo hawakuimba nyimbo za kitabu. Mwaka 1676 Mskoti Robert Barclay, mwanateolojia wao mkubwa, alichapisha utetezi wa imani ya Marafiki, na humo akaugusa wimbo. Daudi, alisema, aliimba yaliyompata yeye mwenyewe. Basi mtu ambaye hajawahi kutubu akisimama kanisani na kuimba kwamba amelowesha kitanda chake kwa machozi, kama isemavyo Zaburi ya 6, anamwambia Mungu uongo, tena kwa sauti nzuri. Barclay hakukataa kuimba kabisa. Alishika maneno ya Paulo katika 1 Wakorintho 14, kwamba wimbo uwe wa roho na wa akili pia, na kwa msingi huo Marafiki wakakaa kimya hadi Roho amsukume mtu kusema au kuimba.

Marekani ndiko kimya hicho kilikovunjika. Katika majimbo ya kati ya nchi hiyo, miaka ya 1860 na 1870, uamsho uliwapitia Marafiki wengi. Wakaajiri wachungaji, wakaweka mahubiri, wakafungua vitabu vya nyimbo za injili vya aina aliyoieneza Ira Sankey. Waliokuja Kaimosi walikuwa watoto wa uamsho huo. Ndiyo maana Mkenya aliyelelewa na Marafiki akienda kuabudu na Marafiki wa Uingereza hushangaa kukuta watu wameketi saa nzima bila wimbo hata mmoja.

Kwa hiyo wimbo ulifika magharibi mwa Kenya ukiwa tayari umeshinda kesi yake ng'ambo. Swali la Barclay, hata hivyo, lilikuwa bado hai. Kwa maoni yangu, ndilo linaloifafanua historia yote ya ibada katika sehemu hizi: je, mtu anaweza kumwimbia Mungu kwa maneno ambayo hayajawa yake?

Wabukusu walikutana nalo mapema. Emory Rees na mkewe Deborah walikuwa wamekaa Maragoli tangu miaka ya kwanza ya misheni. Rees aliifanyia kazi lugha ya huko kwa miaka mingi, akisaidiwa na wenyeji kama Joel Litu, na Agano Jipya la Kimaragoli likatoka 1925. Biblia nzima ilifuata 1951. Ilikuwa kazi ya heshima kubwa. Tatizo ni kwamba kitabu hicho, pamoja na kitabu cha nyimbo kilichoandamana nacho, kilipelekwa Lugulu na Kimilili kwa watu wanaosema Kibukusu. Lugha hizo ni ndugu, lakini ndugu hawa hawafanani kiasi cha kuchangia kila nguo. Mama wa Lugulu alijifunza wokovu wake kwa lugha ya jirani, na akamwita Mungu Nyasaye katika wimbo ilhali nyumbani aliomba kwa Wele.

Tena wimbo ulikuja kabla ya kusoma. Wengi hawakuwa na Biblia mkononi, na waliokuwa nayo hawakuimaliza. Lakini beti nne za wimbo hukaa kichwani maisha yote, kwa hiyo yaliyokuwa ndani ya beti hizo ndiyo yaliyokuwa teolojia ya kanisa: dhambi, damu ya msalaba, toba, safari ya kwenda mbinguni. Mambo makuu hayo, na watu waliyapokea kwa mioyo yao yote. Yaliyokosekana ni mengi vilevile. Mvua, mavuno, uzao, mizimu ya ukoo na hofu ya mchawi ni mambo ambayo Agano la Kale linayajua vizuri sana, na nyimbo za uamsho wa Marekani hazikuyagusa.

Muziki nao ulikuwa na shida yake. Katika lugha kama Kibukusu na Kimaragoli sauti hupanda na kushuka ndani ya neno, na mpando huo ni sehemu ya maana. Wimbo uliotungwa Marekani una njia yake ya kupanda na kushuka. Ukiyabandika maneno juu yake, silabi inayotakiwa kushuka inapaa, na mwimbaji analazimika kuchagua kati ya wimbo na lugha yake. Watu walichagua wimbo, wakazoea. Shuleni walifundishwa sol-fa, zile herufi d, r, m, f, s, l, t ambazo John Curwen alizieneza Uingereza katika karne ya 19, na zikashika mizizi kuliko nota za mistari mitano. Mtu asiyeweza kununua kinanda aliweza kubeba sauti nne za kwaya nzima kwenye ukurasa mmoja wa daftari.

Kilichofungiwa nje ya mlango kinajulikana. Litungu, kinanda cha nyuzi cha Wabukusu, kiliambatana na pombe za jioni. Kamabeka, ngoma ya mabega, ilionekana kuwa ya mwili. Sioyaye ilikuwa wimbo wa tohara. Kwa upande wa pombe na sadaka wamisionari walikuwa na sababu zao za kidini, na Wabukusu Wakristo wengi walikubaliana nao. Lakini lipo moja ambalo naliona ni hasara kubwa, nalo ni kumuse. Siku chache baada ya mazishi ya mzee mwenye heshima, msemaji aliyerithi kazi hiyo hutembea mbele ya umati, akisimulia ukoo, akionya, akifariji, akipatanisha. Hapo palikuwa na mimbari tayari, na watu waliojua kusikiliza neno likitembea. Kanisa lilipita kando yake.

Mwaka 1927 swali la Barclay liliibuka Kaimosi kwenyewe. Arthur Chilson alihubiri habari za Roho Mtakatifu, na waliomsikia walilichukua neno lake kama lilivyo. Waliungama dhambi hadharani, wakalia, wakatetemeka, wakaomba kwa sauti, wakanena kwa lugha. Wamisionari wenzake waliingiwa na hofu, na waumini hao wakatengwa. Ndipo likazaliwa kanisa linaloitwa leo African Church of the Holy Spirit, lenye ushirika hadi Bungoma na Trans Nzoia. Mwaka 1942 Zakayo Kivuli alitoka katika misheni ya Wapentekoste wa Nyang'ori na kuanzisha African Israel Church Nineveh, iliyokuwa na roho ileile.

Ibada ya makanisa haya yafaa itazamwe polepole. Waumini huungama kwanza, kwa sababu hawezi kuimba aliye na kinyongo. Kisha huja msafara barabarani: kanzu nyeupe, vilemba, bendera, na ngoma inayoshika mwendo wa miguu. Kiongozi hutupa mstari mmoja, umati ukaupokea, na mstari unarudiwa hadi uwaingie. Waliowaita washenzi kwa sababu ya ngoma hawakufungua Biblia waliyokuwa wakiitetea, maana Zaburi ya 150 inataja matari na kucheza, na Yoeli sura ya 2 iliwapa waumini hawa ahadi ya Roho kumwagwa juu ya wote wenye mwili. Kanuni yao ya toba kwanza, wimbo baadaye, ndiyo kanuni ya Barclay, ingawa wamisionari waliowatenga ndio waliojiita warithi wake.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Elijah Masinde wa Maeni, Kimilili, aliyekuwa Rafiki na mchezaji hodari wa kandanda, aliachana na kanisa na kuongoza Dini ya Msambwa. Mwaka 1947 aliwapeleka wafuasi wake Chetambe, karibu na Webuye, mahali Wabukusu walipouawa na majeshi ya Waingereza mwaka 1895, wakawakumbuka wafu wao kwa sadaka. Kwake Wele alikuwa Mungu wa baba zake kama vile Waisraeli walivyokuwa na Mungu wa baba zao. Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wake Malakisi, watu 11 wakafa, na dini hiyo ikapigwa marufuku mwaka huohuo. Ilikuwa imeshaenea miongoni mwa vibarua wa mashamba ya walowezi Trans Nzoia. Sikubaliani na teolojia ya Masinde. Lakini mtu akikuta ardhi yake imechukuliwa na nyimbo za kanisa lake hazina mahali pa kumlilia Mungu kuhusu ardhi, si ajabu akatafuta mlima mwingine wa kuombea.

Kwa Wakatoliki mambo yalikwenda kwa njia tofauti. Misheni ya Kibabii, karibu na mji wa Bungoma, ilianzishwa 1931 na mapadre wa Mill Hill. Misa iliimbwa kwa Kilatini, na wakulima wa mahindi walijifunza Kyrie na Gloria kwa moyo bila kujua kila neno lilisema nini. Kisha, tarehe 4 Desemba 1963, siku chache kabla ya Kenya kupata uhuru, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya liturujia. Ibara ya 119 ilitaka mapokeo ya muziki ya watu wa nchi za misheni yapewe nafasi. Ibara ya 121 iliagiza maneno ya nyimbo yakubaliane na mafundisho ya Kanisa, na yachotwe hasa katika Maandiko Matakatifu na katika liturujia.

Hizo amri mbili zilikuja pamoja, na busara yake iko hapo: ngoma iingie, na Neno liitawale. Mwaka 1964 Joseph Kyagambiddwa wa Uganda alikuwa na oratorio yake ya Mashahidi wa Uganda ikiimbwa Roma. Tanzania, Padre Stephen Mbunga alikuwa ameshatunga Misa Baba Yetu, na baada yake watunzi wa nchi hiyo wakazilisha kwaya za Kenya kwa Kiswahili chenye Biblia ndani yake. Mpangilio mpya wa masomo wa 1969 ukairudisha zaburi katikati ya Misa, ndio wimbo wa katikati, na kwa mara ya kwanza Mkatoliki wa kawaida wa Kibabii alianza kuimba zaburi tofauti kila Jumapili. Majimbo yalifuata: Bungoma mwaka 1987, Kitale mwaka 1998.

Kitale ilikuwa na haja yake ya pekee. Mji huu uliokuzwa na walowezi na kufikiwa na reli 1926 haukuwa na lugha moja ya kienyeji. Mashamba yalipoanza kugawanywa miaka ya 1960, Wabukusu, Wasabaoti, Wakikuyu, Wateso, Wapokot na Waturkana walijikuta benchi moja. Hapo Kiswahili kilifanya kazi ambayo Kimaragoli hakikuweza. Biblia ya Union ilikuwapo tangu 1952, na kitabu cha Tenzi za Rohoni, ambacho jina lake limetoka Wakolosai 3:16, kilivuka mipaka ya madhehebu.

Baadaye likaja pambio. Wazee wengi hulidharau, nami nadhani wanakosea nusu. Pambio zuri ni mstari wa Biblia uliopewa miguu, na asiyejua kusoma huondoka nao nyumbani. Shida ni uteuzi wa mistari. Mapambio huchagua ushindi, baraka na adui aliye chini ya miguu. Takriban theluthi moja ya zaburi 150 ni maombolezo, na hizo ndizo zinazoachwa.

Mwanzoni mwa 2008 waliokimbia makwao kwa sababu ya machafuko ya uchaguzi walijaa kwenye uwanja wa maonyesho wa Kitale. Mlima Elgon, wananchi wa Cheptais na Kopsiro walibanwa kati ya wapiganaji wa kundi la SLDF (Sabaot Land Defence Force) na operesheni ya kijeshi ya Okoa Maisha iliyoanza Machi mwaka huo. Zaburi ya 137 ni wimbo wa mateka walioombwa kuimba wakashindwa. Zaburi ya 88 inaisha gizani bila faraja yoyote. Mtu aliyechomewa nyumba akipewa wimbo wa ushindi peke yake, tumemrudisha mahali ambapo Barclay alipaogopa: anaimba hali isiyo yake mbele za Mungu.

Dawa ipo karibu, tena ni ya zamani. Magharibi mwa Kenya kuna walimu wa kwaya waliokaa na Biblia upande mmoja na daftari upande wa pili, wakaandika sol-fa ya sauti nne kwa kalamu ya wino, na pembeni juu wakaweka chanzo, kama Zab. 130. Kazi zao hazikuchapishwa. Ziko kwenye masanduku ya mabati, chini ya vitanda, na mchwa hawajui teolojia. Marafiki wana chuo chao cha teolojia Kaimosi, kilichoanza Lugulu mwaka 1942. Wakatoliki wana ofisi za majimbo Bungoma na Kitale. Msomaji, kama baba yako au shangazi yako alifundisha kwaya, lifungue sanduku hilo mwezi huu. Piga picha kila ukurasa, mwulize mwalimu huyo, angali hai, jina la mtunzi na mwaka, kisha peleka nakala moja mahali pa kuhifadhiwa na nyingine kwa kwaya yako, iimbwe.