Wachina walivyoujenga mpira wa kikapu, na kilichotupita sisi wa Mara

Desemba 1995 China ilianzisha ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu kwa wanaume, ile inayofahamika duniani kwa herufi tatu, CBA. Timu 12 zilizoanza nayo hazikuletwa na matajiri wapya. Zilikuwa timu za majimbo, za miji na za jeshi, zile zile zilizokuwa zikila mgao wa serikali tangu enzi za Mao Zedong. Miaka hiyo hiyo huku kwetu mashirika ya umma, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakibeba timu nyingi za michezo, yalikuwa yanaingizwa kwenye orodha ya kuuzwa. Aliyeishi Musoma wakati kiwanda cha nguo cha MUTEX kinazorota hahitaji kusimuliwa. Kiwanda kikifungwa, mishahara hukatika, na timu ya wafanyakazi hukosa hata wa kuinunulia mpira.

Jambo hili linauma zaidi ukiwa mtu wa mkoa huu, kwa sababu urafiki wetu na China ulishikwa mkono na mtoto wa Butiama. Julius Nyerere, aliyeanza masomo Mwisenge hapa Musoma mwaka 1934, alifanya ziara yake ya kwanza China Februari 1965, na Juni mwaka huo Waziri Mkuu Zhou Enlai akaja Tanzania. Ikafuata reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Oktoba 1971 Tanzania ilikuwa mstari wa mbele China ilipopata kiti chake Umoja wa Mataifa. Tulijifunza mengi kwao: viwanda, kilimo, tiba, jeshi. Namna yao ya kulea wanamichezo hatukuichukua kwa uzito ule ule.

Kikapu kilifika China mapema mno. James Naismith aliubuni mchezo huu Marekani mwishoni mwa 1891, katika chuo cha YMCA, na ilipofika 1895 watu wa chama hicho hicho walikuwa wameshautia Tianjin. Mwaka 1936, mchezo ulipoingia rasmi kwenye Olimpiki ya Berlin, China ilikuwa na timu. Lakini kilichoupa mizizi ni jeshi. Makamanda wa Jeshi Jekundu, Zhu De na He Long, walikuwa wapenzi wakubwa wa kikapu, na askari wao waliucheza vitani, kwenye kambi zisizo na chochote. Kwa wakomunisti ulikuwa mchezo wa gharama ndogo: mpira mmoja, nguzo mbili, uwanja wa udongo. Baada ya 1949 He Long ndiye aliyekabidhiwa michezo ya taifa zima, na kila jimbo likawa na timu, shule ya michezo na bweni la wachezaji. Mchezaji alikuwa mtumishi wa serikali kama karani au mwalimu.

Hapo tulifanana. Nasi tulikuwa na JKT, Polisi, Magereza na Bandari, na kijana hodari aliajiriwa ili acheze.

Lakini Wachina walipofika njia panda ile ya 1995 hawakuzivunja timu zao. Walizipa wadhamini, wakaziruhusu kusajili wageni, wakaziingiza kwenye televisheni. Jeshi lenyewe likaingia ligi na timu yake ya Bayi, jina linalotokana na tarehe 1 Agosti, siku ya kuzaliwa kwa jeshi hilo mwaka 1927. Bayi haikusajili mgeni hata mmoja, kwa kuwa ilikuwa ya wanajeshi, lakini ilitwaa ubingwa mara sita mfululizo kuanzia msimu wa kwanza, na mara nane kwa jumla. Mmoja wa wanajeshi hao, Wang Zhizhi, ndiye Mchina wa kwanza kucheza NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, mwaka 2001 akiwa na Dallas Mavericks. Mwaka uliofuata aligoma kurudi nyumbani kuitumikia timu ya taifa, akaachwa nje, na akaomba radhi aliporejea 2006.

Aliyewaangusha wanajeshi ni Yao Ming. Baba yake na mama yake wote walikuwa wachezaji wa kikapu wa Shanghai. Kwa hiyo mtoto alipozaliwa 1980 wakubwa wa michezo walikuwa tayari wanamwangalia. Akiwa na miaka tisa aliingizwa shule ya michezo. Mfumo huo haubahatishi: mtoto hupimwa urefu, wazazi wake huangaliwa, hata mifupa ya kiganja hupigwa picha ili wajue atafika wapi. Nina mashaka na sehemu ya mambo hayo, maana mtoto si mche wa mbao, na wengi waliopitia shule zile walitoka bila elimu ya kutosha. Lakini matokeo yake yalionekana. Akiwa na miaka 17 Yao alikuwa timu ya wakubwa ya Shanghai Sharks. Mwaka 2002, akiwa na mita 2.29, aliipa ubingwa mbele ya Bayi. Katika hatua ya mtoano ya msimu huo alikuwa na wastani wa pointi 38.9 na rebaundi 20.2 kwa mechi, na katika mchezo mmoja wa fainali alirusha mara 21, zote zikaingia. Houston Rockets ya NBA wakamchukua akiwa wa kwanza kabisa kuchaguliwa mwaka ule. Klabu yake ya zamani ilipokwama kifedha mwaka 2009, aliinunua. Kuanzia 2017 hadi 2024 alikuwa rais wa chama cha kikapu cha China.

Fedha zilipokuwepo, wageni walikuja. Stephon Marbury, aliyekuwa nyota wa NBA, alihamia China 2010, akaipa Beijing ubingwa wa 2012, 2014 na 2015, na watu wa mji ule wakamjengea sanamu. Guangdong, klabu ya kusini, ndiyo inayoongoza kwa mataji, 11. Klabu hiyo ndiyo iliyomlipa kijana mzaliwa wa Kinshasa, Emmanuel Mudiay, dola milioni 1.2 kwa msimu wa 2014–15. Familia yake iliikimbia vita Kongo, akakulia Texas, akaiacha nafasi ya chuo na kwenda China. Aliumia kifundo cha mguu, akacheza mechi chache, lakini 2015 Denver walimchagua akiwa wa saba. Bayi nayo ilijiondoa kwenye ligi Oktoba 2020. Ligi ilikuwa imeshakomaa kiasi cha kwenda bila mabingwa wake wa kwanza.

Sasa tumweke Hasheem Thabeet kando ya Yao. Kijana wa Dar es Salaam, aliyesoma Makongo, aliyefika mita 2.21, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchagua wa pili, akiwa mbele ya James Harden na Stephen Curry. Alidumu NBA misimu mitano, kisha njia yake ikapita Asia: Yokohama nchini Japani, halafu Taiwan. Wengi hapa nyumbani walimcheka kwamba hakung'ara. Hawamtendei haki. Hasheem alianza kushika mpira wa kikapu akiwa na miaka 15, baada ya kufiwa na baba. Yao katika umri huo alikuwa na miaka sita ya mazoezi ya kila siku, chini ya makocha wanaolipwa. Urefu wote wawili walikuwa nao. Miaka ile sita Hasheem angeipata wapi?

Hilo ndilo swali letu Mara. Nenda kwenye viwanja vya kikapu vya shule zetu: sementi imepasuka, ubao umeliwa na mvua, ringi imepinda kwa kuning'iniwa na haina wavu. Na kabla ya sekondari mtoto wetu wa kawaida hajawahi hata kuugusa mpira wenyewe. Wale wanaoupenda kweli hukimbilia Mwanza au Dar es Salaam.

Tusiwaombe Wachina watujengee. Musoma, Bunda na Butiama ziko katika barabara zinazopitika, na kutoka Musoma hadi Bunda hakufiki kilomita 100. Halmashauri tatu zinaweza kukaa meza moja na kuanzisha ligi ya shule za msingi, kwa watoto wa miaka tisa na kumi, ringi zikishushwa kidogo ili wazifikie. Makocha wapo: walimu wa michezo, askari, vijana waliorudi kutoka vyuoni. Wakurugenzi na maofisa michezo wa mkoa huu, wekeni fungu hilo kwenye bajeti ijayo, na wazazi tuwaulize kila baraza linapokaa.