Ireland Kaskazini: mpaka uliozua swali upya

Mkataba wa Ijumaa Kuu, uliofikiwa mjini Belfast tarehe 10 Aprili 1998, ulitambua haki ya watu wa Ireland Kaskazini ya kujitambulisha kuwa Waairishi, Waingereza au vyote viwili. Ulifuatia miaka thelathini ya machafuko yaliyoua zaidi ya watu 3,500. Ndani ya Umoja wa Ulaya, mpaka na Jamhuri ya Ireland ukawa kama haupo.

Mwaka 2016 Uingereza ilipiga kura ya kujitoa, ingawa asilimia 55.8 ya wapiga kura wa Ireland Kaskazini walitaka kubaki. Ukaguzi wa bidhaa uwekwe wapi? Nchi kavu, ungewaudhi Waairishi. Baharini, watetezi wa muungano na Uingereza. Ilipochaguliwa bahari, chama kikuu cha watetezi hao kilisusia serikali ya pamoja kuanzia 2022 hadi 2024. Amani ilidumu, lakini swali ambalo mkataba ulikuwa umelituliza likaamka tena: mtu ni wa wapi?