Misheni ya Masasi na Kaya Zilizoibeba, 1876–1926

Misheni ya Masasi, ambayo mwaka 2026 inatimiza miaka 150, ilianza mwaka 1876, Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu (UMCA) alipoondoka Unguja na kundi la watumwa walioachwa huru, wanaume kwa wanawake, akashukia Lindi na kupanda nao bara hadi penye majabali ya Masasi. Nia ilikuwa kuwarudisha watu hao karibu na nchi walikotekwa, lakini walipoona ardhi na maji ya Masasi walikaa hapo, wakajenga na kulima chini ya mlima Mtandi. Kwa hiyo taasisi hii haikuanzishwa na wahubiri peke yao, bali na kijiji kizima cha wake na waume.

Jambo hilo lina uzito, kwa kuwa wamisionari wengi wa Kizungu wa UMCA, kama William Percival Johnson na Chauncy Maples, hawakuoa, na Wabenedikto waliofungua kituo cha Lukuledi mwaka 1895 walikuwa watawa wa Kikatoliki wenye nadhiri ya useja. Maisha ya ndoa ya Kikristo, yaliyohubiriwa kila Jumapili, yalionekana kwa macho hasa katika nyumba za Waafrika.

Tena nyumba hizo zilisimama katika nchi ambamo Wayao, Wamakua na Wamakonde huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mume huenda kuishi kwa wakwe zake, na mwenye kauli juu ya watoto ni mjomba wao. Wayao huliita mbumba kundi la akina dada na watoto wao walio chini ya ulinzi wa kaka. Mtu aliyetekwa utotoni na kuuzwa pwani alikuwa amepoteza mbumba yake, hana mjomba wa kumsemea wakati wa posa wala wa kumzika, na ni haki kusema kwamba misheni ndiyo iliyokuwa ukoo wake.

Ukoo huo mpya ulijaribiwa mapema. Mwaka 1882 Magwangwara, jina walilopewa Wangoni wa pande za Songea, walivamia Masasi, wakachoma kijiji na kuchukua mateka. Padre William Porter aliwafuata hadi Ungoni kuwakomboa, na makao ya kazi yakahamia kwa muda Newala, kwa chifu Matola.

Aliyeonyesha vizuri zaidi huduma ya kaya ni Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa katika chuo cha Kiungani, Unguja, kisha Canterbury, Uingereza. Mwaka 1886 alipelekwa Chitangali pamoja na mkewe Lucy na watoto wao, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kupewa upadre. Padre aliye na mke aliweza kupokea wageni kama mwenyeji, na akina mama walikuwa na mtu wa kumwendea jikoni kwa mambo wasiyoweza kumweleza mwanamume. Chifu Nakaam wa Chitangali mwenyewe alibatizwa kwa jina la Barnaba. Historia zilizoandikwa humsifu padre kwa mafanikio hayo na kumpita Lucy kwa mstari mmoja, nao ni upungufu mkubwa. Familia hiyo ilirudi Unguja mwaka 1897.

Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 viliteketeza vituo vya misheni vya Masasi, Lukuledi na Nyangao. Baadaye, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliwaweka kizuizini wamisionari wa Kiingereza, na Oktoba 1917 majeshi yakapigana hadi kwenye uwanja wa misheni ya Lukuledi. Mapadre na walimu Waafrika, ambao baadhi yao pia walifungwa, ndio waliobaki na waumini.

Dayosisi ya Masasi ilipoundwa mwaka 1926, askofu wake wa kwanza, Vincent Lucas, alikuwa tayari ameiingiza jando, yaani mafunzo na tohara ya wavulana, ndani ya Kanisa badala ya kuipiga marufuku. Kambi ilibaki porini, na sala zikawekwa penye matambiko. Mafunzo ya wasichana yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu siri zake hazikuwa za askofu wala za padre yeyote kuzijua. Ilibidi yaachwe mikononi mwa akina mama Wakristo waliokuwa wameyapitia wenyewe.