Kalori za Kwenye Simu Yako Zilitoka Wapi?

Leo tunazungumza kuhusu zile programu za simu zinazopatikana bure, ambazo humwuliza mtu amekula nini kisha zikamwambia ni kalori ngapi. Huenda binti yako amekuwekea moja ili upunguze uzito. Unaandika chai, vikombe viwili, na papo hapo nambari inatokea. Je, umewahi kujiuliza ni nani aliyepima?

Kisa chenyewe kinaanzia Marekani, katika mji wa Middletown, jimbo la Connecticut. Huko, katika miaka ya 1890, mwanasayansi Wilbur Atwater na wenzake walijenga chumba kidogo kilichozibwa kila upande, mfano wa kabati kubwa. Mtu aliingia akafungiwa humo siku kadhaa. Alikula humo, akalala humo, akaendesha baiskeli isiyokwenda popote. Chakula chake kilipimwa kabla hajakila, choo chake kikapimwa, hata hewa aliyopumua na joto lililotoka mwilini mwake. Kutokana na kazi ya aina hiyo tukapata hesabu inayotumika hadi leo: gramu moja ya wanga hutoa kalori 4, gramu ya protini 4, na gramu ya mafuta 9.

Shika nambari hizo tatu, mama. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia ni kama gramu 14. Zidisha kwa 9, utapata 126. Kijiko kidogo cha sukari ni kama gramu 4, yaani kalori 16. Anayekunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, amekula kalori 192 za sukari pekee. Na hesabu hiyo haikuhitaji bando.

Lakini Atwater hakuwa na nia ya kuwapunguza watu unene. Alitaka mfanyakazi mwenye mshahara mdogo apate nguvu nyingi kwa pesa chache. Ndiyo sababu hakuzithamini sana mboga za majani na matunda: aliona bei yake ni kubwa na nguvu yake ni kidogo. Alifariki mwaka 1907, na neno vitamini lilitungwa mwaka 1912. Kasoro hiyo tumeirithi. Nambari ya kalori haioni madini ya chuma yaliyo kwenye maharagwe wala vitamini A iliyo kwenye karoti. Soda na bakuli la maharagwe vinaweza kuwa na kalori sawa, na programu inayohesabu kalori peke yake itaviona ni kitu kimoja. Wewe unayepikia watoto unajua sivyo.

Aliyeigeuza hesabu hiyo kuwa ya kupunguza uzito ni daktari wa California, Lulu Hunt Peters, katika kitabu alichotoa mwaka 1918. Yeye mwenyewe aliwahi kufikia karibu kilo 100. Aliwafundisha wanawake kutaja chakula kwa kalori badala ya vipande, na kitabu kikauzwa sana. Baadaye Jean Nidetch, mama wa nyumbani wa New York, alianza kuwakusanya marafiki nyumbani kwake wapunguze uzito pamoja, jambo ambalo sisi wa vyama tunalielewa vizuri. Mwaka 1963 mikutano hiyo ikawa kampuni, Weight Watchers.

Simu zilikuja mwisho. Mwaka 2005 Mike Lee wa Marekani, aliyechoshwa na kuandika chakula chake kwenye karatasi, alianzisha MyFitnessPal kwenye intaneti, na baadaye ikaingia kwenye simu. Mwaka 2015 iliuzwa kwa dola milioni 475. Pesa hizo zote kwa kitu cha bure! Mwaka 2018 ikatangazwa kwamba wezi wa mitandao wamechukua taarifa za akaunti zake zipatazo milioni 150.

Je, zinasaidia? Mwaka 2014 watafiti wa Los Angeles walitoa matokeo ya jaribio la watu wazima 212 wenye uzito kupita kiasi. Baadhi walisaidiwa kuweka programu hiyo kwenye simu, wengine wakaendelea na huduma ya kawaida. Baada ya miezi sita uzito wao haukuwa na tofauti ya maana. Wengi waliopewa programu walikuwa wameiacha karibu kabisa baada ya mwezi wa kwanza. Kwa maoni yangu, itumie kama daftari: andika kwa wiki mbili, ujue mafuta na sukari vinaingilia wapi, kisha uiweke kando.

Jihadhari pia na chakula chetu. Orodha nyingi za programu hizi zimejazwa na watumiaji wenyewe, popote walipo. Ukiandika chapati unaweza kuletewa ile nyembamba iliyochomwa bila mafuta, nawe yako imepakwa kila upande. Mwaka 2018 Serikali ya Kenya na shirika la FAO walitoa majedwali ya vyakula vya Kenya, na yanapatikana bure. Mwombe mhudumu wa lishe kliniki akusomee.

Kuhusu watoto sina mzaha. Mwaka 2019 Weight Watchers, ambayo wakati huo ilikuwa ikiitwa WW, ilitoa Marekani programu ya bure iitwayo Kurbo, ya watoto wa miaka 8 hadi 17, iliyogawa vyakula kwa rangi kama taa za barabarani. Madaktari na wazazi wengi waliogopa kwamba mtoto atajifunza kuchukia mwili wake. Mwaka 2022 kampuni ilikubali kulipa faini ya dola milioni 1.5 kwa madai ya kukusanya taarifa za watoto wadogo bila idhini ya wazazi, na ikaamriwa kuzifuta.

Mjamzito na anayenyonyesha wasipunguze chakula kwa kufuata simu. Anayetumia dawa za kisukari azungumze na daktari kwanza. Na ukiikuta programu ya kupunguza uzito kwenye simu ya mtoto wako, usimgombeze. Iondoe, kisha mwende naye kliniki apimwe uzito na urefu.