Deadline: Riwaya inayompima mwanahabari mlangoni pa mama na wanawe

Kitabu: Deadline
Mwandishi: Sandra Brown
Mchapishaji: Grand Central Publishing, Marekani
Mwaka: 2013
Utanzu: Riwaya ya mapenzi na taharuki

NENO lililotumiwa kuwa anwani ya riwaya hii husikika kila siku katika vyumba vya habari. Hiyo ndiyo saa ambayo taarifa sharti iwe imemfikia mhariri, la sivyo gazeti litachapishwa bila hiyo. Hata hivyo, neno lenyewe halikuzaliwa magazetini. Mnamo 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani, lilikuwa jina la mpaka uliowekwa ndani ya ua wa gereza la kijeshi la Andersonville, katika jimbo la Georgia. Mfungwa aliyethubutu kuuvuka alipigwa risasi na walinzi.

Riwaya ya Sandra Brown imejengwa katika jimbo hilohilo la Georgia. Haihusu gereza hilo, lakini maana zote mbili za neno zinaifaa. Yumo mwanahabari mwenye taarifa ya kuandika, na umo mpaka ambao akiuvuka hawezi tena kurudi alikotoka. Mpaka wenyewe ni kizingiti cha nyumba ya mama anayelea watoto wawili peke yake.

Muhtasari wa kisa

Dawson Scott ni mwandishi wa jarida ambaye amerejea Marekani kutoka Afghanistan, alikokuwa akiripoti vita. Mwili wake umerudi nyumbani, ila fikra zimesalia huko. Usingizi umemhama, anategemea pombe na vidonge, wala hataki kumweleza mtu yeyote aliyoyaona.

Akiwa katika hali hiyo, anapokea simu kutoka kwa Gary Headly, baba yake wa ubatizo, ambaye ni afisa wa shirika la upelelezi la FBI anayekaribia kustaafu. Headly ana jambo moja linalomkera moyoni. Kwa karibu miaka 40 amewasaka Carl Wingert na Flora Stimel, wahalifu waliotoroka baada ya makabiliano makali ya risasi mwaka wa 1976, bila kuwatia mbaroni.

Sasa kumezuka dalili mpya. Jeremy Wesson, aliyekuwa mwanajeshi wa kikosi cha Marine, anaaminika kuuawa pamoja na mpenzi wake, ambaye alikuwa mke wa mtu. Mume wa mwanamke huyo ameshtakiwa kwa mauaji hayo mjini Savannah. Uchunguzi wa DNA umeonyesha kwamba Jeremy alikuwa na uhusiano wa damu na wale watoro wawili.

Dawson anafunga safari hadi Savannah kuifuatilia kesi. Huko anamwona Amelia Nolan, mtalaka wa Jeremy na mama wa wanawe wawili wadogo. Anakodi nyumba iliyo jirani na ile ya ufuoni ambamo Amelia anapumzika na watoto. Anawazoea kabla hawajafahamu kilichomleta. Punde si punde mapenzi yanachipuka, na kazi iliyomleta inaanza kumwia nzito.

Kisha yaya wa watoto hao anapatikana ameuawa. Polisi wanapotafuta wa kushukiwa, macho yanamwelekea yule mgeni aliyekuja kupanga jirani. Mwanahabari aliyezoea kuandika habari za watu anajikuta yeye mwenyewe amekuwa habari. Yanayofuata, pamoja na siri inayomhusu Dawson binafsi, ni heri msomaji ayagundue mwenyewe kitabuni.

Mama na mlango wake

Katika riwaya nyingi za mapenzi, kikwazo kati ya wapendanao huwa ni kiburi, umaskini au wazazi wasiokubali. Katika riwaya hii kikwazo kina uzito mwingine. Amelia aliwahi kumpenda mwanamume aliyekwenda vitani Afghanistan akarudi akiwa mtu tofauti. Jeremy aligeuka kuwa mkali na wa kuogofya, na ndoa ikavunjika. Kwa hivyo mama huyu anazijua dalili: kukosa usingizi, chupa iliyo karibu daima, na ukimya unaofuatwa na hasira.

Dalili hizo ndizo anazokuja nazo Dawson. Hapa ndipo penye fundo la riwaya, kushinda hata swali la nani aliyeua. Je, mwanamke aliyemkimbia mtu mmoja aliyejeruhiwa na vita ana sababu gani ya kumfungulia mlango wa pili? Angekuwa peke yake, kosa la moyo wake angelilipa peke yake. Kwa kuwa ana watoto, kosa hilo hulipwa na wote waliolala chini ya paa lake. Taharuki inajengwa juu ya hofu hiyo, nayo ni hofu ambayo mama yeyote anayelea watoto bila mwenzake ataitambua hata kama hajawahi kusikia mlio wa bunduki.

Madaktari wa akili wa Marekani waliutambua rasmi ugonjwa wa kiwewe unaowapata watu walioshuhudia maafa mnamo 1980, miaka michache baada ya vita vya Vietnam kumalizika. Haukuwa ugonjwa wa askari pekee. Mwanahabari anayeripoti vita huziona maiti zilezile na kuvisikia vilio vilevile. Sandra Brown anafaulu anapowaweka askari na mwandishi katika mizani moja, kisha kumwachia Amelia kazi ya kupambanua. Wote wawili waliumia. Tofauti iko katika kile ambacho kila mmoja alikifanya na maumivu yake, na tofauti hiyo haionekani kwa siku moja.

Kosa la mwanahabari

Suala la pili ni la maadili ya kazi. Kanuni za chama cha wanahabari wa Marekani, Society of Professional Journalists, zinamtaka mwandishi aepuke mgongano wa maslahi na asitumie njia za siri kukusanya habari, ila pale ambapo njia za wazi haziwezi kuleta habari muhimu kwa umma. Nchini Kenya, kanuni za maadili zilizoambatishwa kwenye Sheria ya Vyombo vya Habari ya 2007 zilimtaka mwanahabari ajitambulishe na asipate habari kwa hila.

Dawson anateleza katika yote mawili. Anamchunguza mwanamke bila kumwambia kwamba anachunguzwa, kisha anampenda huyohuyo anayemchunguza. Mtunzi hamtetei kwa maneno mengi. Anaacha ukweli ufichuke, na Amelia akasirike kama mtu yeyote mwenye akili timamu anavyopaswa kukasirika. Uongo wa mwanahabari unamrudishia hofu ileile aliyodhani ameiacha nyuma pamoja na ndoa yake.

Inafaa kuona kwamba kila mmoja kati ya hao wawili ana kitu cha kupoteza. Dawson akiandika taarifa, atampoteza Amelia. Asipoiandika, atakuwa ameisaliti kazi iliyompa jina, na huenda wahalifu wasijulikane. Riwaya inapata nguvu pale inapokataa kulifanya chaguo hilo kuwa jepesi.

Historia iliyo nyuma ya kisa

Wingert na Stimel ni wahusika wa kubuni, lakini dunia wanamotoka ilikuwepo. Katika miaka ya 1970, vikundi vidogo vyenye itikadi kali nchini Marekani, miongoni mwavyo Weather Underground na Symbionese Liberation Army, vilitega mabomu na kuiba benki. Mnamo Mei 17, 1974, wanachama 6 wa Symbionese Liberation Army waliuawa katika mapambano na polisi jijini Los Angeles. Wengine walitoweka na kuishi kwa majina bandia. Kathleen Soliah, aliyehusishwa na kikundi hicho, alikamatwa mwaka wa 1999 katika jimbo la Minnesota. Kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa ameishi kwa jina la Sara Jane Olson, akiwa mke na mama wa watoto 3.

Watoto wa watu hao nao walikuwepo. Kathy Boudin na David Gilbert, waliokuwa wanachama wa Weather Underground, walikamatwa Oktoba 1981 kufuatia wizi wa fedha za kampuni ya Brink's katika jimbo la New York, ambapo polisi 2 na mlinzi 1 waliuawa. Mwana wao, Chesa, alikuwa na umri wa miezi 14. Alilelewa na wenzao wa zamani, Bill Ayers na Bernardine Dohrn. Mwaka wa 2019 alichaguliwa kuwa mkuu wa mashtaka wa San Francisco, wadhifa aliouacha baada ya wapiga kura kumwondoa mwaka wa 2022.

Habari hizi hazimo katika Deadline. Zinaonyesha tu kwamba swali la riwaya lina mizizi: mtoto hurithi nini kutoka kwa wazazi waliomwaga damu? Kwa Amelia, swali hili si la wanafalsafa. Ikiwa Jeremy alitokana na watoro wale, basi damu yao imo katika wanawe anaowaosha na kuwalaza kila usiku.

Hata matumizi ya DNA katika kisa yanaafikiana na historia. Mwaka wa 1976 hakuna mpelelezi aliyeweza kumtambua mtu kwa njia hiyo. Mbinu hiyo iligunduliwa na Alec Jeffreys katika Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, mwaka wa 1984, na hifadhi ya kitaifa ya DNA inayosimamiwa na FBI ilianza kazi mwaka wa 1998. Kielelezo kilichokuwa kimya kwa miongo kadhaa kikaweza kuzungumza.

Mwandishi na utanzu wake

Sandra Brown alizaliwa mjini Waco, Texas, mwaka wa 1948. Kabla ya kuandika riwaya alifanya kazi ya televisheni mjini Dallas, akitangaza hali ya hewa na kuandaa makala. Baada ya kazi hiyo kukoma aligeukia uandishi, na riwaya yake ya kwanza, Love's Encore, ilitoka mwaka wa 1981 kwa jina la kupanga la Rachel Ryan. Alianza na hadithi za mapenzi matupu, kisha polepole akaingiza uhalifu. Mwaka wa 2008 chama cha International Thriller Writers kilimtunuku heshima yake ya Thriller Master.

Wanahabari si wageni katika kazi zake. Mirror Image ya 1990 na Smoke Screen ya 2008 zote zina waandishi wa televisheni. Mama anayelea mtoto peke yake naye anapatikana katika Lethal ya 2011, iliyo na mjane na bintiye wa miaka 4. Katika Deadline wawili hao, mama na mwanahabari, wamekutanishwa.

Utanzu wenyewe una umri. Daphne du Maurier aliuonyesha njia kwa riwaya ya Rebecca mwaka wa 1938, na Mary Stewart akaukuza kuanzia 1955. Kanuni yake ni kwamba mapenzi na hatari husukwa kama ukili: ukiutoa uzi mmoja, mkeka hausimami. Katika riwaya ya upelelezi tuliyoizoea kwa Kiswahili, kwa mfano Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, msomaji huuliza nani muuaji. Hapa huuliza pia iwapo anayependwa anaaminika.

Ubora na upungufu

Lugha ya riwaya ni nyepesi, sura zake ni za kasi, na mbinu rejeshi inayompeleka msomaji hadi 1976 imetumiwa kwa uangalifu. Watoto wamechorwa kama watoto kamili; wanauliza maswali, wanachoka, wanataka kuchezewa. Kwa sababu hiyo hatari inayowakabili inauma.

Upungufu haukosi. Mapenzi yanakomaa kwa muda mfupi mno kwa mwanamke aliye na sababu nyingi za kusita. Sadfa nazo ni nyingi, na siri ya mwisho itawaridhisha wengine na kuwashangaza wengine kwa kuonekana kuwa imelazimishwa. Aidha, kuna maelezo ya faragha na ya ukatili yasiyofaa watoto.

Hata hivyo, riwaya inabaki na swali moja ambalo halifungwi na pingu za polisi. Mhalifu anaweza kukamatwa katika sura ya mwisho, kesi ikaisha na taarifa ikachapishwa. Imani haina saa ya mwisho kama gazeti. Mama hutazama jinsi mgeni anavyonyamaza anapokasirika, jinsi anavyozungumza na watoto wakati hajui kwamba anasikilizwa, na kama neno lake la leo linalingana na la jana. Dawson aliyekuja kuwachunguza wengine hana budi kukaa kwenye kiti cha anayechunguzwa, na hakimu wake ni mwanamke aliyesimama mlangoni, wanawe wakiwa nyuma yake.